Kuficha Si Kusimba: Istilahi za Ulinzi wa Mafaili ya Simu za Ofisini

Maswali mengi tunayoletewa na wafasiri na watumishi wa ofisi huwa ni ya neno moja moja: hili wingi wake ni upi, lile liandikweje. Aulizaye huwa na muda wa kungoja jibu. Mara chache hutujia swali ambalo neno lililokosewa limekwisha kuleta hasara kabla swali lenyewe halijaandikwa. Swali la namna hiyo lilitufikia kutoka Tunduma, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa kwa kirefu kuliko kumjibu mwulizaji peke yake, maana ofisi zinazobadilisha simu zake siku hizi ni nyingi, na karatasi za maelekezo ziletwazo pamoja na simu hizo aghalabu ni za Kiingereza.

Msomaji asiyeufahamu mji huo yafaa aelezwe kidogo. Tunduma imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwaka 1976, zote hupita hapo kuingia Zambia, na malori yachukuayo shaba kutoka Zambia na Kongo hupita hapo hapo kwenda bandarini. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, na mtu asiyetazama bendera anaweza asijue ametoka mji gani na kuingia upi. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili lori lisikaguliwe mara mbili. Kandokando ya shughuli hizo zimejaa ofisi za mawakala wa forodha, za wasafirishaji na za benki, na kazi ya ofisi hizo kwa sehemu kubwa ni karatasi na simu.

Mojawapo ya ofisi hizo, ambayo hatuna haja ya kuitaja, iliondoa swichibodi yake ya zamani na kuweka simu za intaneti. Fundi alipoondoka aliacha maelekezo ya kurasa chache. Karani mmoja anayesifika kwa Kiswahili chake aliombwa ayatafsiri ili yabandikwe ukutani. Pale ambapo maelekezo yalitaka mafaili ya simu yapitishwe katika hesabu ya kuyageuza yasisomeke, kwa kutumia ufunguo maalumu, kabla ya kuwekwa katika seva, karani aliandika hivi: "Mafaili yote ya simu yafichwe, na ufunguo uhifadhiwe na mkuu wa ofisi."

Mtunza kompyuta wa ofisi hiyo ni mtu mtiifu. Aliyatia mafaili alama ya kutoonekana katika kioo, na ufunguo wa kabati la seva akampelekea mkuu wa ofisi, ambaye aliutia katika mtoto wa meza yake na kusaini kwamba ameupokea. Simu ziliendelea kulia kama kawaida, na hilo likawathibitishia wote kwamba kazi imefanyika. Baada ya miezi miwili ikaja ankara yenye simu za kwenda nchi ambazo ofisi hiyo haijapata kufanya nazo biashara hata siku moja. Halafu wateja wakaanza kuuliza kwa nini wamepigiwa kwa namba ya ofisi na kutakiwa wapeleke malipo mahali pasipojulikana. Karani akalaumiwa. Katika barua yake hakujitetea sana. Aliuliza tu: ilinipasa niandike neno gani?

Ili kumjibu, hatuna budi kwanza kueleza kitu chenyewe. Mfasiri asiyejua kazi ya chombo hana njia ya kupima jina lake.

Simu na faili lake

Neno simu lilitoka Uajemi, ambako maana yake ilikuwa ni waya. Wazee wetu walipoona habari zikipita katika waya waliiita habari ile kwa jina la njia yake, nalo jina likaendelea kuvaa maana mpya bila kuona haya: simu ya maandishi, simu ya mdomo, simu ya upepo ambayo haikuwa na waya hata kidogo, na sasa simu ya mkononi. Simu ya mezani ya siku hizi ina waya, lakini si waya ule wa zamani. Zamani kila simu ilikuwa na jozi yake ya nyaya mpaka kwenye swichibodi, na namba ilikuwa ni mali ya jozi ile. Aliyetaka kuiba simu ya mtu ilimpasa aende mahali waya ulipopita, akaunge wake. Simu ya sasa ni kompyuta ndogo yenye mkono wa kusikilizia. Huchomekwa katika mtandao uleule wa kompyuta nyingine za ofisi, na haijui ni namba gani mpaka iambiwe.

Huambiwa na faili. Simu inapowashwa huomba anwani katika mtandao wa ndani, na katika jibu lilelile hutajiwa seva inayotunza mafaili. Huiendea seva hiyo na kuomba faili ambalo jina lake limeundwa kwa anwani ya maunzi ya simu yenyewe, yaani tarakimu kumi na mbili za mfumo wa kumi na sita zilizotiwa kiwandani. Ndani ya faili hilo zimo namba ya ndani itakayochukuliwa na simu, jina la kujiandikishia katika mtambo, nywila ya jina hilo, anwani ya mtambo, na mara nyingi nywila ya fundi ya kuingilia katika simu. Haya yote yameandikwa kwa herufi za kawaida, kama barua yoyote ya ofisi.

Itifaki iliyozoeleka kwa kusafirisha mafaili ya aina hii ilichapishwa mwaka 1981. Iliundwa iwe ndogo iwezekanavyo ili itoshe katika vyombo vyenye kumbukumbu finyu, na kwa ajili ya udogo huo haiulizi jina la mwombaji wala nywila yake, wala haifuniki chochote njiani. Ajuaye jina la faili hupewa faili. Na jina la faili, kama tulivyosema, ni anwani ya maunzi, ambayo watengenezaji wameibandika kwenye kibandiko chini ya simu. Mgeni aliyekaa kwenye benchi la mapokezi akaigeuza simu kwa sekunde tano, kisha akapata soketi ya mtandao ukutani ambayo haikufungwa, amekwisha kupata vyote anavyovihitaji. Alama ya kutoonekana haimzuii, kwa kuwa seva haimwonyeshi orodha ya mafaili. Yeye hutaja jina, nayo humpa. Kile alichokifanya mtunza kompyuta wetu ni sawa na kumfunika macho mtunza stoo huku dirisha la stoo liko wazi.

Mwenye nywila hiyo anaweza kuiandikisha programu yoyote ya simu kwa namba ya ndani ya ofisi. Mtambo utamwona ni simu ya mapokezi. Akipiga nje, gharama ni za ofisi. Akimpigia mteja, mteja ataiona namba anayoiamini. Katika mji ambao dereva wa lori hulipa ushuru, maegesho na ada za wakala kwa kuambiwa kwa simu kiasi gani na wapi, hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Tunduma ina shida yake ya pekee hapa. Ofisi ya Dodoma au ya Singida inaweza kuzifunga simu zote za nje ya nchi na isidhurike sana. Ofisi ya Tunduma haiwezi. Nakonde ni mwendo wa miguu, lakini kwa mtambo wa simu ni nchi nyingine: namba zake huanza na 260, zetu na 255. Karani anayemwuliza mwenzake wa ng'ambo kama lori limefika anapiga simu ya kimataifa. Njia ya nje iliachwa wazi kwa ajili hiyo, na mwizi akaikuta wazi. (Ingaliwezekana kuruhusu 260 na 243 ya Kongo na kufunga nyingine zote; tumeambiwa kwamba ndivyo ilivyofanywa baadaye.)

Maneno yaliyopendekezwa

Tuanze na kuficha, kwa kuwa ndilo lililoleta kesi. Kitu kilichofichwa kimeondolewa machoni, hakikubadilika. Akikiona mtu, amekipata kizima. Faili tunalolizungumzia ni kinyume chake: laweza kuonekana na kila mtu, laweza kunakiliwa na kupita katika mikono ya mgeni, lakini haliwi na maana kwa asiye na ufunguo. Watu wa mpakani wataelewa upesi tukiwatajia kontena la mizigo ipitayo. Lori huegeshwa barabarani mchana kweupe, hakuna aliyelificha. Lililozuiwa ni kufikia kilichomo. Kwa hiyo kuficha, peke yake, ni tafsiri mbovu, na inapotumiwa katika maelekezo ya kazi ni tafsiri ya hatari, kwa sababu msomaji mtiifu ana njia ya kuitekeleza bila kufanya lililotakiwa.

Karani wetu mwenyewe alipendekeza baadaye kufumba, na kwa mara ya kwanza tulipolisoma pendekezo hilo tulilipenda. Lina ndugu zake tayari: fumbo, mafumbo, kufumbua. Ni neno la kwetu, na fasihi yetu imelilea. Lakini hebu tuitazame methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ndani ya fumbo umo mwaliko. Mfumbaji anataka liganguliwe, na anayeligangua hutumia akili yake, si kitu alichokabidhiwa. Katika elimu hii mambo ni kinyume. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni ambayo inafuatwa hata leo: njia ya kuandika siri ihesabiwe kuwa adui ameijua yote, na usalama wote ukae katika ufunguo. Mwerevu asiye na ufunguo hana analoweza kufanya kuliko mjinga asiye nao. Neno ambalo methali yake yenyewe inasema kwamba mwerevu atashinda halifai kubandikwa ukutani kwa seva.

Hapo panahitaji mfano. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa: kitabu huwa bukita, karani huwa nikara. Ni njia bila ufunguo; ukiijua njia umeyajua maneno yote ya wote wanaoitumia. Sasa tuchukue njia nyingine: kila herufi isogezwe mbele kwa hatua kadhaa katika abjadi, na idadi ya hatua iwe siri yetu. Tukikubaliana tatu, karani huwa ndudql. Njia inajulikana na kila mtu, lakini idadi ya hatua ni ufunguo. Ni ufunguo dhaifu, bila shaka, kwa kuwa katika abjadi ya herufi 26 zipo hatua 25 tu za kujaribu. Tena Kiswahili chenyewe humsaliti mwandishi. Herufi a ndiyo inayojirudia kuliko zote katika maandishi yetu, na maneno yetu kwa kawaida huishia irabu. Asomaye ndudql mara kadhaa katika waraka mrefu ataona d imezidi, na atajua inasimama badala ya nini. Al-Kindi wa Baghdad aliieleza mbinu hiyo ya kuhesabu herufi katika karne ya 9, na kila mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake ubaoni kwa kipindi kimoja. Tunapendekeza afanye hivyo. Ni somo zuri la fonolojia.

Kwa kuwa tumemtaja Al-Kindi, liko neno jingine la kuvutia. Waarabu waliiita tarakimu tupu sifr. Sisi tulilichukua likawa sifuri na tukaliacha katika hesabu. Wazungu walilichukua vilevile, na katika lugha zao likaenda mbali zaidi mpaka likawa jina la maandishi ya siri. Wapo wanaotaka tulipokee upya kutoka Ulaya kwa umbo jipya, pamoja na mkopo wa moja kwa moja wa enkripsheni. Hatuoni sababu ya kumkaribisha mgeni ambaye yuko ndani ya nyumba tangu zamani kwa jina jingine. Na enkripsheni, ingawa imetamkika, haizai: mtumishi hawezi kusema "nimeienkripti" akaeleweka na mwenzake wa chumba cha pili.

Tunabaki na msimbo. Nomino hii imeenea: msimbopau uliopigwa katika pakiti ya sabuni, msimbo wa Morse wa nukta na mistari. Kitenzi chake ni kusimba, na kwa kufuata mnyambuliko wetu wa kutendua, kama funga na fungua, ziba na zibua, tunapata kusimbua. Asidhani mtu kwamba neno hili ni la vitabuni tu. Tangu matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia mwishoni mwa mwaka 2012, neno kisimbuzi limeingia katika nyumba nyingi, likishindana na king'amuzi.

Lakini kusimba, peke yake, hakutoshi, na hapa tunaomba wafasiri watuvumilie kidogo. Kusimba ni kuandika kwa alama za mfumo mwingine tu. Msimbopau si siri. Umewekwa ili mashine yoyote iusome. Yako mafaili ya simu ambayo ndani yake nywila imeandikwa kwa msururu wa herufi kubwa na ndogo zilizochanganyika, pengine zikiishia alama ya usawa, na mtunza kompyuta akiuona msururu huo huamini kwamba nywila imelindwa. Haikulindwa. Imesimbwa kwa msimbo wa hadhara ambao fundi yeyote, au programu ya bure, huurudisha katika maneno ya kawaida kwa nukta moja ya saa. Hakuna ufunguo uliotumika. Tofauti baina ya msimbo huo na ule unaotaka ufunguo ndiyo tofauti baina ya ofisi iliyo salama na iliyoibiwa, na istilahi isiyoionyesha haijafanya kazi yake.

Ndiyo maana tunaunga mkono usimbaji fiche, ambao tayari umo katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Neno fiche tunalijua katika uhakiki, tunaposema maana fiche ya shairi. Hivyo kuficha kumerudi, lakini kumewekwa mahali pake: linaloelezwa ni namna ya kusimba, wala si kuondolewa kwa faili machoni. Kitenzi kiwe kusimba fiche, kutendwa kwake kusimbwa fiche, na kurudisha kuwe kusimbua. Fichua tunaikataa kabisa kwa maana hiyo. Katika Kiswahili anayefichua ni yule anayetoa hadharani uovu au siri ya mtu, na simu inayosoma faili lake yenyewe haijafichua siri ya mtu yeyote. Lipo pia lalamiko kwamba simba ni mnyama, na kwamba watu watacheka. Na wacheke. Paa ni mnyama, ni kiungo cha nyumba, na ni kitenzi, na hatujasikia fundi seremala aliyepotea.

Jina la faili lenyewe tutalipitia upesi. Wengine husema faili la mipangilio, wengine faili la usanidi. Mipangilio inafaa kwa yale ambayo mtumiaji huyabadili mwenyewe katika kioo cha simu, kama sauti ya mlio. Kwa faili linaloifanya simu iwe simu ya mtu fulani tunapendelea usanidi.

Ufunguo upi?

Kosa la pili la tafsiri ya Tunduma halikuwa katika neno lililochaguliwa. Ufunguo ni neno sahihi. Kosa lilikuwa kuliacha peke yake katika chumba chenye kabati lenye kufuli. Istilahi iliyotokana na sitiari huhitaji kifafanuzi inapotajwa mara ya kwanza, hasa pale ambapo kitu halisi chenye jina hilo kimo humo humo. Iandikwe ufunguo wa usimbaji. Baada ya hapo ufunguo mtupu unatosha.

Funguo hizo zina namna mbili. Ya kwanza ni ufunguo wa pamoja, uleule katika seva na katika simu. Katika simu nyingi ni biti 128, yaani tarakimu 32 za mfumo wa kumi na sita, ambazo fundi huziingiza katika simu kabla ya kuikabidhi. Idadi ya funguo zinazowezekana kwa urefu huo ni namba yenye tarakimu 39. Msomaji ailinganishe na zile hatua 25 za mfano wetu. Njia ya usimbaji inayotumika sana hubuniwa na kujulikana kwa wote: ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani ikaifanya kuwa kiwango chake mwaka 2001. Kerckhoffs angefurahi.

Namna ya pili ni jozi ya funguo, wazo lililochapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Simu hutoka kiwandani ikiwa na ufunguo wake usiotoka ndani yake kamwe, na mwenzake ambao hupewa yeyote. Seva hubuni ufunguo wa bahati nasibu, husimba fiche faili kwa ufunguo huo, kisha huusimba fiche ufunguo wenyewe kwa ule ufunguo wa simu uliotolewa kwa wote. Ni simu ile peke yake iwezayo kusimbua. Baadhi ya wafasiri wameuita ufunguo huo wa wote ufunguo wa umma. Tunawaomba wauache. Kwetu sisi mali ya umma, shirika la umma na mtumishi wa umma vina maana ya miaka mingi, na mtumishi akisoma "ufunguo wa umma" ataelewa ufunguo wa Serikali, ambao hapaswi kumpa mtu; na hali maana iliyokusudiwa ni kwamba apewe kila mtu. Ufunguo wa wazi na ufunguo wa siri hautaleta mashaka hayo.

Hapa pia huingia saini ya kidijiti, ambayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeipa saini za aina hiyo nafasi yake katika nchi yetu. Isichanganywe na usimbaji fiche. Turudi kwa kontena: turubai humzuia mpita njia asione mzigo, lakini sili humhakikishia afisa wa mwisho kwamba mzigo ni uleule uliofungwa mwanzoni. Faili lililosimbwa fiche bila saini laweza kubadilishwa na jingine. Faili lenye saini bila usimbaji fiche husomwa na wote. Maelekezo yanayotaka vyote viwili yataje vyote viwili.

Neno simu nalo linatutega. Kwetu simu ni chombo, ni mazungumzo, na ni namba. Mkuu wa ofisi akiarifiwa kwamba "simu zetu zimesimbwa fiche" atadhani anaweza kuzungumza mambo ya siri bila hofu. Kumbe lililosimbwa ni faili tu. Mazungumzo yana usimbaji fiche wake, unaowekwa kwa amri nyingine kabisa, na mara nyingi haukuwekwa. Wala usimbaji wa faili haumsaidii aliyeacha nywila ya kiwandani katika simu, kwa kuwa simu ikishasimbua faili, anayeingia ndani ya simu huyakuta yaliyomo yakiwa wazi. Wala haumsaidii aliyeupeleka ufunguo wa pamoja kwa barua pepe ileile iliyobeba mafaili. Wala, ukiwa ufunguo mmoja kwa simu zote, hautadumu baada ya simu moja kuibiwa. Mfasiri hawezi kuyazuia haya yote, lakini anaweza kukataa kuandika "simu imesimbwa fiche" na kutaja kilichosimbwa.

Yapo mambo ya sheria pia. Ofisi ya Tunduma ilitaka mkandarasi alipe hasara. Mkandarasi akasema maelekezo yake yalikuwa bayana. Ofisi ikaonyesha karatasi ya ukutani na kusema kila sentensi ilitekelezwa. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayetunza taarifa za watu azilinde. Na faili lenye jina la mtumishi na namba yake ni taarifa za mtu. Hakimu anayeletewa shauri kama hilo ataisoma sentensi ya karani, si ya fundi. Atauliza "yafichwe" maana yake nini, na kamusi itamjibu kwamba mtunza kompyuta alifanya sawasawa. Tumeambiwa pande mbili zilipatana nje ya mahakama.

Tafsiri tuliyompelekea karani ni hii:

"Kila faili la usanidi wa simu lisimbwe fiche kwa ufunguo wa usimbaji kabla ya kuwekwa katika seva, na faili lisilosimbwa fiche lisibaki humo. Ufunguo wa usimbaji ni tarakimu 32. Kila simu iwe na wake. Orodha ya funguo iandikwe katika karatasi, itiwe katika bahasha na kufungiwa kasha la fedha, wala isitunzwe katika kompyuta yoyote ya ofisi. Simu ikiibiwa au ikipelekwa kutengenezwa, nywila ya namba yake ya ndani ibadilishwe siku hiyohiyo. Maelekezo haya yanahusu mafaili tu, hayalindi mazungumzo."

Alitujibu baada ya wiki tatu. Karatasi mpya imebandikwa, fundi amekuja na kuziingiza tarakimu katika simu moja baada ya nyingine kwa siku mbili nzima, na mkuu wa ofisi ameurudisha ufunguo wa kabati kwa mtunza stoo, ambaye alikuwa akiutafuta.